Aliyefungua Kamba Mwenyewe

Habari hii sikuisikia kwa watu. Omondi alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu Bhoke, na kamba iliyomshusha ilikuwa mikononi mwangu. Nitaieleza polepole ili nisiruke kitu. Mara ya kwanza nilipoieleza niliruka, na yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Tulikuwa wachimbaji, Kerende. Omondi anashuka kwenye duara, lile shimo letu la dhahabu, mimi Werema nabaki juu nashika kamba. Miaka sita tulifanya hivyo. Ukiwa chini sauti ya juu haikufikii vizuri, kwa hiyo mnaongea kwa kamba. Akivuta mara moja, simama. Mara mbili, shusha. Mara tatu, vuta. Na mshika kamba ana sheria moja tu: hatoki kwenye kamba. Hata siafu akiingia kwenye suruali, utavumilia.

Omondi huyo ndiye aliyenifundisha kusoma. Mimi nilikua nachunga ng'ombe, shule niliiona kwa nje. Wakati wa chakula alikuwa anachukua mkaa anaandika kwenye karatasi la mfuko wa saruji, herufi kubwa, moja moja, anaziachanisha mbalimbali ili nisichanganyikiwe. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu. Bhoke akituletea ugali ananicheka, ananiita mura, yaani kijana kwa lugha ya kwetu.

"Mura, na ndevu zote hizo unasoma 'kaka'?"

"Niache nisome. Nikijua nitaanza na meseji zako."

"Shemeji, harakisha," Omondi anasema. "Nahisi mke wangu ananitukana kwenye simu na mimi sina shahidi."

Ndivyo tulivyoishi. Sikuwahi kuwa na rafiki mwingine kama yule.

Mwaka juzi, mwezi wa nane, ndugu yake mmoja anaitwa Okal, mvuvi wa kule Shirati, alituletea kipande cha jiwe jeupe. Alikiokota kwenye kisiwa kidogo, mbali ndani ya ziwa, ambako hakuna mtu anayekaa. Wavuvi wanapaita Ukutani. Upande mmoja kina mteremko wa majani, upande wa pili ni ukuta wa mawe uliosimama wima mpaka majini. Okal alisema katikati ya ukuta kuna mkanda wa jiwe jeupe, unauona ukiwa kwenye mtumbwi, lakini mtu hawezi kuufikia. Omondi alilitazama lile jiwe kwa tochi, akalilamba, akalitazama tena.

"Mtu hawezi," akasema. "Lakini sisi tunaweza. Ukuta ni duara lililofunguliwa upande mmoja, basi."

Tulifika kisiwani siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi. Ziwa lilikuwa limetulia. Okal alitushusha upande wa mteremko, akaenda kuangalia nyavu zake, akasema atarudi saa tisa. Tukapanda hadi juu. Nilichungulia ukingoni nikaona ndege weusi, mnandi, wamejaa kwenye ukuta mamia kwa mamia, wanapiga kelele kama soko. Mawe yote yamekuwa meupe kwa mavi yao. Hakuna mti hata mmoja pale juu, ni majani na vichaka vya miiba.

Omondi alijifunga kamba kiunoni, akachukua nyundo na tindo. Nilizungusha kamba mara mbili kwenye jiwe kubwa nikaanza kumshusha. Akavuta mara mbili, nikashusha. Akavuta mara mbili, nikashusha. Halafu mara moja. Simama. Nikasikia nyundo yake inagonga chini kwa chini.

Aligonga muda mrefu. Jua likawa kali. Kamba haikusogea. Nikasema moyoni, huyu ameshapata mkanda, hatapanda sasa hivi. Nikaifunga kamba kwenye jiwe, nikaenda upande wa pili kwenye kivuli cha mwamba, nikala kiporo changu. Nikajilaza. Kidogo tu.

Niliamshwa na upepo.

Mawimbi yalikuwa yamekuwa makubwa na mnandi wote wameruka, anga limekuwa jeusi kwa ndege. Nilikimbia kwenye kamba. Ilikuwa inapeperuka hewani, mbali na ukuta, kama mkia. Nyepesi. Nikaita, "Omondi!" Nikaita mpaka koo likauma. Upepo na ndege, basi. Nikaivuta kamba yote juu.

Mwisho wake haukuwa umekatika. Ulikuwa mzima, na bado umejikunja pale fundo lilipokuwa. Omondi alikuwa amejifungua mwenyewe.

Mshika kamba yeyote anaelewa hilo maana yake nini. Mtu hajifungui akiwa ananing'inia. Anajifungua akiwa amesimama mahali. Omondi alikuwa amepata pa kukanyaga, akafungua kamba ili aingie mahali, halafu upepo ukaichukua kamba. Aliniita. Lazima aliniita. Kama ningekuwepo ningeirudisha.

Nilimwona Okal anakuja na mtumbwi, anapigana na mawimbi. Na hapo ndipo nilipofanya lile jambo. Nilitoa kisu nikakata mwisho wa kamba. Nikausugua kwenye jiwe mpaka ukachanika nyuzi.

"Imekatika," nikamwambia Okal. "Ameangukia majini."

Niliogopa kusema nililala. Sababu ni hiyo tu, sina nyingine.

Jumatano, Alhamisi na Ijumaa wavuvi walitafuta. Mitumbwi kumi na moja. Walipitisha nyavu, wakazunguka kisiwa, wakauliza hadi wavuvi wa upande wa Kenya. Siku zote tatu watu waliangalia chini, kwenye maji. Hakuna aliyeangalia juu, maana mimi nilishasema ameanguka. Ijumaa Okal alisimamisha mashine ya mtumbwi.

"Umesikia?"

"Ni mnandi," nikasema.

Alisikiliza tena. Kisha akawasha mashine.

Kwao Omondi ni Kemambo, si mbali na Kerende. Baba yake alihamia huko zamani kutoka ziwani akalima, akafa akazikwa hapo. Nyumbani walibaki mama yake, Mama Gladys, na baba yake mdogo, mzee Omolo. Sasa Wajaluo wana jambo lao. Mtu akipotelea majini asionekane, hawamwachi bila kaburi. Wanachukua tunda la mti wa yago, refu kama mkono wa mtu mzima, zito kama mtoto mchanga. Wanalifunga shuka, wanalitaja kwa jina la marehemu, wanalizika kama mtu. Baada ya hapo amezikwa. Hatafutwi tena.

Bhoke alikataa.

"Wazee wangu, mngoje," akasema. "Siku nne ni chache."

"Binti yangu, kamba ilikatika," mzee Omolo akamwambia kwa upole. "Kaka yako mwenyewe alikuwepo."

Bhoke akanigeukia. Watu wote wakanigeukia. Nilitazama viatu vyangu.

"Ilikatika," nikasema.

Jumamosi mchana tukalizika yago. Mwinjilisti aliomba. Shuka lilikuwa jeupe lenye mstari wa bluu, la kitanda chao Bhoke na Omondi. Mzee Omolo aliinama juu ya shimo akasema kwa sauti, "Omondi, lala nyumbani kwenu." Mimi nilikuwa wa tatu kutupa udongo. Nilishangaa jinsi ulivyolia ulipoangukia lile shuka. Haukulia kama umeangukia tunda.

Jumatatu nilirudi kazini Kerende. Ile kamba nilikuwa nimeirudisha kwenye duara, sikutaka watu waulize iko wapi. Saa sita mchana vijana walikuwa wamepanda kula. Chini hapakuwa na mtu. Nilikaa peke yangu na kamba mkononi, mazoea tu.

Ikavutwa.

Mara moja. Mbili. Tatu.

Nikachungulia. Giza. Nikavuta kamba juu, ikaja yote, mwisho wake mkavu. Hakuna kitu.

Jumanne, saa ile ile. Tatu. Kwa nguvu, ngozi ya kiganja ikachubuka.

Jumatano. Tatu. Safari hii polepole, kama mtu aliyechoka.

Sikumwambia mtu. Nilijua mkono ule. Kila mshukaji ana mkono wake kwenye kamba, ukikaa naye miaka sita unaujua kama sauti. Nikawaza, ananiita kutoka kule ukutani. Yuko kule, hai au amekufa, anataka nimvute.

Jumatano hiyo jioni Bhoke alikuja kwangu. Hakusalimia.

"Naomba kuiona kamba."

Nilikuwa nimerudi nayo nyumbani. Nikampa. Aliifuata kwa vidole mpaka mwisho. Baba yetu alikuwa anasuka kamba za ng'ombe, na Bhoke ndiye aliyekuwa anamsaidia.

"Hii imekatwa na kisu, mura."

Nikaanza kusema ilichanikia kwenye jiwe.

"Usinidanganye. Umekatwa uzi mmoja mmoja sawasawa, halafu ukasuguliwa. Ulikuwa wapi?"

"Nililala," nikasema.

Alikaa chini, palepale kwenye vumbi. Nilitegemea atapiga kelele. Hakupiga.

"Alijifungua?"

"Alijifungua."

"Kwa hiyo alikuwa amesimama." Alitazama mikono yake. "Tulimzika akiwa amesimama mahali, anatungoja."

Nikamweleza na ile ya kuvutwa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Twende," akasema.

Alhamisi tulipanda gari hadi Tarime, tukaunganisha la Shirati. Ijumaa Okal alitupeleka. Alikuwa hataki. Bhoke alimwambia neno moja kwa Kijaluo, sikulielewa, akaenda kuleta mafuta ya mashine.

Ziwa lilikuwa limetulia kama siku ile. Safari hii nilishuka mimi. Bhoke na Okal walishika kamba juu. Sikuwahi kushuka maishani, nilikuwa mtu wa juu tu. Mnandi walinizunguka wananipiga kwa mabawa. Nilishuka kama urefu wa minazi miwili, mguu ukagusa jiwe.

Ilikuwa sehemu tambarare, pana kama kitanda cha futi nne, na nyuma yake ufa unaoingia ndani ya ukuta. Kutoka majini huwezi kuiona. Mkanda mweupe ulipita juu yake. Nyundo ilikuwa pale. Tindo lilikuwa pale. Chupa ya maji, tupu. Viatu vyake viwili vimepangwa vizuri kando, kama mtu anayelala kwake.

Kwenye ukuta aliandika kwa tindo. Herufi kubwa. Moja moja, ameziachanisha mbalimbali. Nilielewa mara moja ameandika kwa ajili yangu, asingemwandikia mtu mwingine hivyo. Nikasoma kwa kidole, kama alivyonifundisha.

W E R E M A

N I P O

V U T A

Chini yake alichora mistari ya siku. Jumatano. Alhamisi. Ijumaa. Wa nne, wa Jumamosi, uliishia katikati. Tindo liliteleza kwenye jiwe kama vile mkono umevutwa na mtu.

Jumamosi tulizika.

Niliwasha tochi nikachungulia ndani ya ufa. Nilitegemea kuona maiti. Niliona shuka.

Jeupe, lenye mstari wa bluu. Limelowa. Nikalifunua kwa ncha ya nyundo.

Lilikuwa ni yago. Bado lina udongo mwekundu wa Kemambo.

Hapo kamba ya kiunoni ikakaza nikanyanyuliwa. Nilipiga kelele. Walinivuta hadi juu magoti yakiwa yamechubuka.

"Mbona mmenivuta?"

"Umevuta mara tatu," Bhoke akasema.

"Sikuvuta."

Tukatazamana. Nikawaeleza nilichokiona. Okal alianza kusali. Bhoke hakusali, alikuwa anahesabu. Nilimwona midomo inavyokwenda.

"Kama lile liko huku," akanong'ona, "kule kaburini tumemfukia nani?"

Upepo ulituzuia kisiwani mpaka jioni. Tulipofika nchi kavu mtandao ukarudi, nikampigia mzee Omolo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mko wapi?"

"Baba, fukueni kaburi. Sasa hivi. Tafadhali."

Nikamsikia anasogea kando na watu.

"Werema, umelewa?"

"Sijalewa. Nilisema uongo. Kamba haikukatika. Fukueni, baba, Omondi yuko humo."

"Kaburi halifunguliwi kwa simu," akasema. "Njooni. Mkifika tutakaa tuzungumze."

Bhoke akaninyang'anya simu, akalia, akaomba, akamtaja Mungu. Mzee alikuwa ameshakata. Gari hakuna mpaka alfajiri.

Jumamosi asubuhi mimi, Bhoke na Okal tulikuwa ndani ya gari, tumeshapita Tarime. Kamba ilikuwa kwenye kiroba, nimeipakata. Ilikuwa kama saa tatu. Nikaisikia mapajani.

Ikavutwa mara moja.

Nikangoja ya pili. Nikangoja ya tatu. Bhoke aliuona uso wangu.

"Ngapi?"

"Moja."

Alikuwa mke wa mchimbaji, alijua moja ni nini. Aligeukia dirishani akakaa hivyo hivyo mpaka Nyamongo. Bodaboda zilitupeleka Kemambo.

Watu walikuwa wamekaa uani. Nilisimama mbele yao nikasema yote, nililala wapi, kisu, lile jiwe, Okal alivyosikia sauti na mimi nikasema ni ndege. Hakuna aliyenipiga. Ningependa wangenipiga.

Mzee Omolo alisema wazee wakae kwanza. Kufungua kaburi la yago ni kuita kifo kingine nyumbani, akasema, na jambo hili linataka utaratibu. Mama Gladys, mama yake Omondi, alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko. Tangu msiba hakuwa ameongea na mtu. Aliinuka akachukua jembe.

"Ni hatua arobaini kutoka hapa ninapopikia," akasema. "Usiku nilikuwa nasikia panya. Nilisema ni panya."

Akaanza kuchimba yeye mwenyewe. Hapo tukamfuata.

Hatukuchimba sana. Jembe la tatu au la nne, udongo ukatitia. Kwa kina cha mkono, kuanzia kiganja hadi kiwiko, tukaona vidole.

Vilikuwa vimeelekea juu.

Bhoke alijitupa chini akaushika ule mkono. Tulichimba kwa viganja, tukiogopa kumuumiza. Jirani yao Tabitha, aliyewahi kufanya kazi zahanati, aliingia shimoni akamgusa shingo. Akaweka sikio kifuani. Akamfunua jicho. Alikaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Tabitha, sema," Bhoke akamwambia.

"Hajakakamaa."

"Sema lini."

Tabitha alimtazama mzee Omolo kwanza, kisha akatazama chini.

"Leo," akasema. "Leo asubuhi."

Sijui nieleze vipi kilio cha Mama Gladys. Bhoke hakulia. Aliomba mwiba. Mtu akamletea mwiba wa mgunga, akaupakata mkono wa mumewe akaanza kumsafisha kucha, moja baada ya nyingine. Zilikuwa zimevunjika, zimejaa udongo mwekundu. Alizisafisha zote kumi, na hakuna mtu aliyemharakisha.

Tulipomtoa Omondi ndipo tukaona alikuwa amefanya nini. Lile kaburi tulilijaza udongo sisi wenyewe, tukaukanyaga. Sasa katikati yake kulikuwa na duara. Jembamba, limenyooka kwenda juu, kuta zake laini, kazi safi kama ya pale Kerende. Na kwenye kuta alikuwa amechonga vishimo vya kuwekea miguu, kushoto na kulia, kama mchimbaji anavyojichongea anapopanda. Vidole vyake ndivyo vilikuwa tindo.

Okal aliuliza swali ambalo mpaka leo wachimbaji wananiuliza: udongo aliutoa akauweka wapi? Chini yake ni pagumu, juu yake ni pagumu. Tulitafuta. Hakuna hata konzi moja.

Mzee Omolo zamani naye alikuwa mchimbaji. Aliingia shimoni taratibu, akaanza kuhesabu vishimo kwa kuvigusa. Saba. Vimepishana shubiri moja moja, sawasawa. Jumamosi hadi Jumamosi. Alikuwa anachonga kimoja kwa siku.

Kisha mzee akaweka kiwiko chake pale kwenye kishimo cha mwisho, akanyoosha mkono kwenda juu, apime kilichobaki. Vidole vyake vikatokeza nje, kwenye jua, kwenye majani.

Hakuushusha ule mkono. Alibaki hivyo, ameuinua, na sisi tumesimama tunavitazama vile vidole.

"Baba," Bhoke akamwambia, bila hasira. "Jana tulipokupigia simu, alikuwa amebakiza kiasi gani?"